Gharama ya ulevi ilipwe dukani, si wodini

KILA pombe haramu inapoua watu nchini, swali moja huzuka upya: je, ni haki kwa mlipa ushuru asiyeonja pombe kugharimia matibabu ya aliyelewa kwa hiari yake?

Swali hilo limepata uzito zaidi tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa NHIF. Mwajiriwa sasa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Anapoona kitanda cha hospitali ya umma kimekaliwa na mtu ambaye ini lake limeharibiwa na pombe, au aliyeanguka na pikipiki akiwa chakari, hasira yake inaeleweka.

Katiba haimsaidii sana mwenye hasira hiyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya na kuagiza kwamba yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Hakikumtenga mlevi. Hata hivyo, hakikusema kwamba matibabu hayo yatolewe bila malipo, na hapo ndipo wanaotaka mlevi atozwe hupata mwanya wa kujenga hoja yao.

Hoja hiyo inaporomoka inapofika kwenye mlango wa hospitali. Mchuma janga hula na wa kwao. Bili ya mlevi aliyepoteza fahamu hulipwa na mkewe anayeuza mboga, au na mzazi mzee anayelazimika kuuza ng'ombe wake wa pekee. Mnywaji aliyekusudiwa kuadhibiwa mara nyingi hana hata nauli ya kurudi nyumbani.

Tena kuna suala la muda. Sumu inayoua zaidi katika pombe haramu ni methanoli. Ini huigeuza kuwa asidi inayoshambulia neva za macho, na dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi baada ya kunywa. Mgonjwa akifikishwa mapema, madaktari wanaweza kuizuia sumu hiyo na kuisafisha damu yake kwa mashine. Akichelewa, hupofuka au hufa. Familia inayohofia bili itamwacha alale ikitumai kwamba usingizi utamzindua.

Kenya imeyaona hayo mara nyingi mno. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Mwaka wa 2005 ilikuwa zamu ya Machakos, na Mei 2014 vifo viliripotiwa katika kaunti kadhaa kwa mpigo.

Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki Kirinyaga. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati huo, Prof Kithure Kindiki, alisema uchunguzi wa awali ulionyesha pombe hiyo ilikuwa ushahidi ulioibwa kutoka kituo cha polisi. Ikiwa ndivyo, ni nani aliyestahili kutumiwa bili: mnywaji, au aliyeitoa sumu hiyo mahali pa ulinzi?

Njia ya haki ni gharama kukusanywa mapema, chupa inaponunuliwa. Serikali tayari hutoza ushuru wa pombe, lakini mnywaji haoni ni kiasi gani kati ya fedha hizo kinachorudi katika wodi na vituo vya kurekebishia tabia. Bunge likitenga sehemu maalumu ya ushuru huo kwa hospitali, kila mnywaji atakuwa amelipia kitanda chake kabla ya kukihitaji.

Hata hivyo, ushuru una mipaka yake. Serikali ilipopunguza nafuu ya ushuru kwa bia ya keg mwaka wa 2013, mauzo yake yaliporomoka na wengi wakakimbilia vinywaji vya bei ya chini visivyojulikana vilikotengenezwa. Mwaka wa 2015 ililazimika kurejesha sehemu kubwa ya nafuu hiyo.

Pombe haramu nayo hailipiwi ushuru wowote. Kwa hiyo, anayeitengeneza, anayeiuza na afisa anayeilinda ndio wanaopaswa kufuatwa mahakamani, mali yao itwaliwe na kufidia hospitali. Daktari aachwe atibu. Wodini si mahali pa kuamua nani alistahili kuugua.