Misali Imeguswa

Wapo wanaoisifu Misali, kisiwa kidogo kilichoko magharibi ya Pemba, kwa neno moja: "haijaguswa." Sifa hii imekusudiwa kumfurahisha mzamiaji ajaye kutazama matumbawe yake. Mimi naiita dhuluma ya lugha.

Nani hakuigusa? Wavuvi wa Pemba wamepiga dago pale kizazi baada ya kizazi. Jina lenyewe ni kauli yao. Husimuliwa kwamba Nabii Khidhri, aitwaye Hadhara, aliwafikia wavuvi akaomba msala apate kusali. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa hicho, kilivyoelekea Kibla, ndicho kiwe msala wake. Mahali pasipoguswa na mtu hapana hadithi wala jina.

Katika miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa hiki kwa mwekezaji wa hoteli. Wavuvi wakaupinga. Mwaka 1998 Misali ikatangazwa eneo la hifadhi, sehemu ya bahari yake ikafungwa isivuliwe. Mwaka 2005 ikaingizwa katika hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba. Basi waliokigusa kisiwa ndio waliosimama kukitetea.

Nitaambiwa kuwa wavuvi hao hao hutupa nanga juu ya matumbawe, na wapo wavutao juya. Sikatai. Mwenye juya azuiwe, na eneo lililofungwa liheshimiwe, kwani samaki wasipopata pa kuzaa hakuna dago litakalobaki. Lakini sheria humwingia moyoni yule aliyeulizwa, si yule aliyefutwa. Neno hifadhi tunalitumia pia kwa mtoto wa chuoni aliyeiweka Kurani kifuani. Kuhifadhi ni kujua kwa moyo. Na wanaoijua Misali kwa moyo, miamba yake na maji yake, ni wavuvi.

Wala hili si suala la maneno matupu. Tangu mwaka 2021 Serikali ya Zanzibar imekuwa ikivikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Kisiwa kikishaitwa kitupu, hapana tena wa kuulizwa kinapotolewa.

Wafasiri wenzangu, kalamu hii ni yetu. Mkiletewa tena neno hilo mlitie katika Kiswahili, likataeni. Andikeni: hiki ni kisiwa cha wavuvi, mgeni, karibu, na uingie kwa adabu.