KIJANA, MSHAHARA WAKO NI SIASA



Katika mashamba ya chai na viwanda vya sukari hapa Uganda, vijana wengi wanasema: "Siasa ni ya wakubwa. Mimi natafuta pesa." Mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 18 walikuwa wameandikishwa kupiga kura. Zaidi ya milioni 7 hawakupiga.

Tusiwatukane vijana. Sababu wanazo. Novemba 2020 watu zaidi ya 50 waliuawa baada ya mgombea mmoja kukamatwa. Wengine wameandikishwa kijijini kwao na wanafanya kazi mbali. Nauli inakula mshahara wa siku kadhaa. Wengine wamechoka na mgombea anayekuja na sabuni na chumvi, halafu haonekani miaka mitano.

Lakini kukaa kimya hakumwadhibu mkubwa. Kunamwadhibu kibarua. Tazameni mshahara wa kima cha chini. Ulitangazwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Kwa zaidi ya miaka 35 haukubadilishwa, na leo fedha hizo zinakwisha kwa chakula cha siku moja. Februari 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kurekebisha jambo hilo, ulioletwa na mbunge wa wafanyakazi. Rais akakataa kutia sahihi. Je, hiyo si siasa? Ni siasa, nayo imo ndani ya sufuria yako.

Sisi wafanyakazi tuna wabunge 5. Wanachaguliwa na wajumbe wa vyama vya wafanyakazi. Kijana asiye mwanachama hana sauti hapo. Mwanachama asiyekuja mkutanoni anawaachia wengine wamchagulie mjumbe. Basi kura yako ya kwanza iko katika tawi lako, na haihitaji nauli.

Viongozi wa matawi nasi tuna deni. Mkutano ukiitishwa wakati vijana wako zamu, na kamati ikiwa ya wazee watupu, watakujaje? Tuwape nafasi katika kamati. Tuwasaidie kuhamisha majina yao ya kura kutoka kijijini hadi wanakoishi sasa, mapema, kabla daftari halijafungwa.

Kijana, usiposema, wengine watasema kwa jina lako. Jiandikishe, lipa ada ya chama, njoo mkutanoni.

Umoja ni nguvu.