Kutoka Sayansi ya Anga hadi Ndoo ya Maji: Funzo la Chujio la Dkt. Hilonga kwa Dar es Salaam

Juni 2015, Mtanzania Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali na mhadhiri wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela jijini Arusha, alitangazwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, na kupata pauni 25,000. Alishinda kwa chujio la maji. Agosti mwaka huohuo, kipindupindu kililipuka wilayani Kinondoni, kikaenea Temeke, Ilala na mikoa mingine. Matukio hayo yanaibua swali moja: ubunifu wa mtaalamu wa ndani unamfikiaje mwananchi anayeuhitaji?

Dkt. Hilonga alizaliwa katika kijiji cha Gongali, wilayani Karatu. Akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hanyang, Korea Kusini, alitafiti silika yenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ikiwemo erojeli, ambayo sehemu yake kubwa ni hewa. Erojeli ya silika ndiyo iliyotumiwa na chombo cha Marekani kiitwacho Stardust kunasa vumbi la nyotamkia, lililofikishwa duniani mwaka 2006. Aliporejea nyumbani, mhandisi huyo alielekeza maarifa yake ya malighafi za namna hiyo kwenye maji ya kunywa.

Chujio lake linaunganisha mchanga na malighafi za nano. Mchanga hunasa takataka na vimelea. Malighafi za nano huondoa kile ambacho mchanga hauwezi kukizuia, kama vile madini ya floraidi yanayoharibu meno na mifupa ya wakazi wa maeneo ya kaskazini. Ubora wake mkubwa ni kwamba mchanganyiko huo hurekebishwa kulingana na maji ya mahali husika.

Hapo ndipo penye funzo kwa Dar es Salaam. Tatizo la Arusha silo la Mbagala. Katika maeneo ya pembezoni mwa jiji, wananchi wengi hutegemea visima. Vingine vina chumvi, na vingine vimechimbwa karibu na vyoo. Kupeleka chujio la floraidi huko bila kupima maji kwanza ni kutibu ugonjwa usiokuwepo. Upimaji ndio unaopaswa kutangulia, kisima kwa kisima.

Suala la pili ni gharama. Kupitia kampuni yake ya Gongali Model, Dkt. Hilonga alianzisha vituo vya kuuza maji yaliyochujwa, ili familia isiyomudu kununua chujio imudu walau ndoo moja.

Taasisi za kuziba pengo lililobaki zipo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, ina makao yake Kijitonyama, Kinondoni. Tangu mwaka 2019, Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU) yamekuwa yakiibua wabunifu wapya. Hata hivyo, kuibuliwa ni hatua ya kwanza tu. Tuzo humpa mbunifu heshima. Mwananchi wa Temeke ataupima ubunifu huo kwa maji yaliyomo kwenye ndoo yake.