Bunduki ya Upepo

Katika bweni letu yamezuka maneno ya kuunda bunduki ya upepo. Wenzetu watano wamekwisha kuchanga shilingi 35,000, nao husema kwamba fedha hizo zatosha, maana vyuma vikuukuu havikosekani Tunduma. Mmoja wao kwao ni Kamsamba, na nia yake ni njema: mama yake huamia ndege katika mpunga tangu alfajiri hata jua kuchwa. Hata hivyo mimi nawapinga. (Wao wenyewe wameniruhusu kuandika habari hii, kwa kuwa wanaamini nitashindwa.)

Wasemao kwamba kitu hiki ni rahisi hawajasoma habari zake. Mnamo mwaka 1780 hivi jeshi la Austria lilipewa bunduki ya upepo iliyobuniwa na Girardoni. Tangi lake lilitaka kupigwa pampu mara 1,500 hivi ndipo lijae. Viungo vilivuja, matengenezo yalikuwa magumu, na mwishowe jeshi likaiacha. Nao walikuwa mafundi wa Kaisari, si wanafunzi wenye tupa moja.

Tufanye hesabu. Kifuniko cha bomba chenye upana wa sentimita 5 kina eneo la sentimita 20 za mraba hivi. Upepo wa tairi la lori, yaani kama kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba, hukisukuma kwa nguvu ya kilo 160: mifuko mitatu ya saruji na zaidi. Bunduki za dukani za namna wanayoitamani hujazwa hata kilo 200. Hapo kifuniko kile kile husukumwa kwa tani 4, mifuko 80! Nani bwenini anajua kulehemu kwa kiasi hicho?

Tena upepo si kama maji. Maji hayabanwi kwa urahisi, basi chombo kikipasuka huchuruzika tu. Upepo uliobanwa hufutuka ghafula, na vipande vya chuma huruka pamoja nao. Ndiyo sababu mitungi ya gesi hupimwa kwa kujazwa maji. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 siigusi. Walimu waijua kuliko mimi.

Na ndege je? Ukimwangusha mmoja, kundi huhamia jaruba la pili, kisha hurudi. Nyavu kuukuu zingemfaa mama yule zaidi.

Lakini sitaki fedha zile zirudishwe. Pampu ya maji ya mkono yaweza kuundwa kwa mabomba ya plastiki, gololi mbili na kipande cha mpira wa ndani wa tairi. Valvu, pistoni, viungo visivyovuja: yote wanayoyapenda yamo. Bustani ya shule ingali inamwagiliwa kwa ndoo, na kisima ki karibu. Nimekwisha kuongeza shilingi 2,000 zangu juu ya zile 35,000. Wakikataa, nitazidai.