Kumbukumbu za Umma Zisipotelee Ndani ya Kompyuta

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Zama zao daftari lilikuwa la karatasi, na adui zake walikuwa mchwa, mvua na moto. Leo daftari la umma limehamia ndani ya kompyuta, tangu ofisi za Wizara hadi za vijiji, na adui mpya amezaliwa: mkono unaobonyeza kitufe bila ya kufikiri.

Tunayasema haya kwa sababu ya desturi iliyozoeleka mno. Kompyuta ya ofisi ikizorota au ikiingiwa na virusi, huitwa fundi. Fundi huifomati diski, yaani huiandaa upya kana kwamba haijapata kutumiwa, kisha huirejesha ikiwa nyepesi. Karani hushukuru. Mwananchi anapokuja kuulizia faili lake, ndipo inapobainika kwamba faili halipo.

Tuchukue mfano wa kijiji chochote katika Kata ya Miono, Wilaya ya Bagamoyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji na rejista yake. Mihtasari ya mikutano, mipaka baina ya wakulima na wafugaji, orodha ya wenye hati za hakimiliki ya kimila: vyote hivyo vikiwa katika diski moja tu, na diski hiyo ikafutwa, mjane aliyerithi shamba atasimama mbele ya baraza la ardhi akiwa na maneno matupu. Kwa ndugu zetu wa visiwani adha huzidi. Mtu wa Mafia hulazimika kuvuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha ashike njia ya Kibaha, kwa ajili ya nakala ya barua moja.

Hata hivyo, watumishi hawana budi kufahamu kwamba diski iliyofomatiwa si lazima iwe imekufa. Kufomati kwa haraka ni sawa na kuchana rejista ya masjala huku mafaili yenyewe yangali kwenye rafu. Kompyuta haijui tena lipi liko wapi, hivyo huihesabu rafu nzima kuwa tupu, na ikipewa kazi mpya huweka jipya juu ya la zamani. Waliopitia chuoni wanaelewa: ubao usiooshwa vizuri husomeka, lakini ukishaandikwa darasa jipya, la jana halionekani tena.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha. Kompyuta izimwe, wala isiwekewe kitu chochote, hata hiyo programu ya kutafutia kilichopotea. Diski iunganishwe na kompyuta nyingine, inakiliwe yote, na upekuzi ufanywe katika nakala. Kinachopatikana kihifadhiwe mahali pengine. Zipo programu za bure za kazi hiyo, kama vile TestDisk na PhotoRec, ingawa hii ya pili huyarudisha mafaili bila ya majina yake, na karani itambidi ayafungue moja moja. Lakini diski iliyofomatiwa kikamilifu, ikaandikwa sifuri kote, haina msamaha huo. Aidha, nyingi kati ya diski za kisasa zisizo na sahani ya kuzunguka huisafisha zenyewe nafasi iliyoachwa. Hapo maji yakimwagika hayazoleki.

Wala tusidhani kuwa huu ni udhaifu wa nchi changa peke yake. Mwezi Julai 2006, katika idara ya mapato ya jimbo la Alaska, Marekani, fundi aliifomati kwa makosa diski yenye maombi ya wananchi ya gawio la mfuko wa mafuta, kisha akaifomati na diski ya akiba. Kanda za akiba nazo hazikusomeka. Picha zipatazo 800,000 za fomu zikatoweka. Kilichowaokoa ni karatasi: masanduku yapatayo 300 yalifunguliwa, na fomu zikaingizwa upya kwa majuma kadhaa, kwa gharama iliyozidi dola 200,000.

Sisi tunasema fundisho ni dhahiri. Kwanza, kompyuta ya umma isifomatiwe pasipo idhini ya maandishi ya mkuu wa ofisi, naye ajiridhishe kwa macho yake kwamba nakala zipo na zinafunguka. Pili, nakala moja ikae nje ya jengo, na kumbukumbu za haki za watu zibaki pia katika karatasi ndani ya masjala. Tatu, diski ya Serikali isikabidhiwe kwa fundi wa kichochoroni. Ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hazikutungwa ili zipambe kabati.

Wananchi nao wadai nakala za hati zao na kuzitunza majumbani. Kompyuta ni mtumishi mwema, lakini haimjui mjane wala shamba lake. Anayepaswa kuwajua ni mtumishi wa umma, naye ndiye atakayeulizwa.