Ampli ya gari: dereva asome fyuzi, asisome boksi

Goma, Bukavu au Butembo, dereva kijana akipata pesa kidogo anawaza muziki wa gari, na zaidi ya yote besi. Ni haki yake. Kosa ni kununua ampli kwa sababu tu boksi limeandikwa wati 3000.

Hesabu ni ya mtoto wa shule. Umeme wa gari ni volti 12. Injini ikizunguka, unafika karibu 14. Ampli hiyo hiyo mara nyingi ina fyuzi moja ya ampea 30. Mara 14, ni wati 420 zinazotoka kwenye batri, na sehemu yake inapotea kuwa joto. Hizo 3000 zitatoka wapi?

Muuzaji atajibu kwamba ni nguvu ya juu kabisa. Basi aulizwe ile ya kila wakati, inayoandikwa RMS. Ampli yenye wati 250 za kweli, hata iliyokwisha kutumiwa, inatosha bafle moja la besi la inchi 12. Omu nazo ziangaliwe: ampli ya omu 4 ikiungwa na bafle la omu 2 inaweza kuungua.

Pesa inayobaki iende kwenye waya, ambako wengi wanajibana, eti waya ni waya. Mwembamba wa aluminiamu iliyopakwa shaba unachemka chini ya viti, abiria wamekaa juu yake. Na fyuzi nyingine iwekwe karibu kabisa na batri. Bila hiyo, siku waya utakapochubuka na kugusa chuma cha gari, hakuna kitakachokata umeme kabla ya moto.