DAWA YA SHAMBA ISIVUKE MPAKA



Kule Italia ya kaskazini, katika jimbo la Bolzano, kuna mashamba ya matofaa ya hekta karibu 18,000. Nyumba za watu na masomo ya watoto yamo katikati ya miti ile. Mwenye shamba hupiga dawa ili magonjwa na wadudu wasiharibu matunda. Hatumkatazi kulinda mali yake. Lakini dawa ikichukuliwa na upepo hata kwa jirani, hapo imekuwa shauri la watu wote. Mwaka 2017 wachunguzi walipima majani katika viwanja 71 vya watoto kuchezea katika jimbo hilo. Karibu nusu vilikutwa na dawa.

Je, jambo hili halizuiliki? Linazuilika. Mtu aliyetoboa mwamba mgodini anajua: vumbi kavu huruka na kuingia mapafuni, vumbi lililoloweshwa maji huanguka. Tone la dawa ni vilevile. Dogo huelea kama ukungu; kubwa huanguka upesi. Basi kwanza, mashini ifungwe midomo inayochanganya hewa na dawa, itoe matone makubwa. Pili, feni ipunguzwe nguvu, isirushe dawa juu ya vilele vya miti. Tatu, kwenye mstari wa mwisho midomo ya upande wa nje ifungwe, dawa ielekee ndani tu. Nne, ua wa miti yenye majani mengi upandwe mpakani. Tano, upepo ukielekea nyumba za watu, kazi ingoje.

Wengine husema: jirani afunge dirisha, mama asianike nguo siku ile. Hapana! Mwenye mashini ndiye mwenye wajibu.

Mwaka 2014 wakaaji wa Mals, katika jimbo hilohilo, walipiga kura. Katika kila kura 100, karibu 76 zilitaka dawa kali zikatazwe. Wenye mashamba wengine walikwenda mahakamani kupinga.

Sisi tunasema: hata mahali dawa zisipokatazwa, mambo haya matano yaandikwe katika sheria, na mkaguzi aende shambani kuyaona kwa macho. Yakiachwa kwa hiari, mkulima mwema atalipa gharama peke yake, na jirani wa mkulima mbaya ataendelea kuvuta sumu. Anayevuta hewa ile naye apewe sauti.